Kitambaa cha Kilwa: Hadithi Zinazoandikwa Upya na Undugu wa Maandishi

Hotuba iliyotolewa Mtwara mbele ya walimu na wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, na ndugu zangu mliotoka Lindi, Kilwa, Newala na Masasi kuja kukaa nasi leo hapa Mtwara, nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumze juu ya mwingilianomatini, yaani uhusiano uliopo kati ya andiko moja na mengine, na hasa juu ya kazi ya mwandishi anayeichukua hadithi iliyokwisha kusimuliwa, akaisimulia tena kwa namna yake. Ningeweza kuanzia Ufaransa, kwa kuwa istilahi hii ilizaliwa huko. Lakini tunayo hadithi ya karibu zaidi, ya mwendo wa saa chache kwa basi kutoka hapa tulipo, nami nitaanza na hiyo.

Wengi wenu mnaijua tangu utotoni. Kisiwa cha Kilwa kilikuwa na mwenyewe. Akaja mgeni kutoka Shirazi, akashuka na mali yake, akakipenda kisiwa, akataka kiwe chake. Wakapatana kwa nguo, mgeni akakaa na mwenyewe akahamia ng'ambo, bara. Hiyo ndiyo mifupa ya hadithi. Nyama yake inategemea umekula kwa nani.

Simulizi iliyotangulia kuchapwa ni ya Mreno João de Barros, mtumishi wa mfalme katika ofisi ya biashara ya Mashariki kule Lisbon, aliyeitoa mwaka 1552 katika historia yake ya Wareno wa Asia. Wareno walikuwa wameiteka Kilwa mwaka 1505, na Barros anaeleza kwamba anafuata tarehe ya wafalme wa mji huo, tarehe kwa ile maana ya zamani ya kumbukumbu za enzi. Kwake yeye, mgeni huyo, Ali, ni mmoja wa ndugu saba, anayedharauliwa na wenzake kwa sababu mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi na mama yao alikuwa wa ukoo wa kifalme. Anaondoka kwao kwa uchungu wa kudharauliwa, naye anakinunua kisiwa kwa nguo.

Simulizi ya pili ni ya Kiarabu. Nakala yake iliandikwa Unguja mwaka 1877, Sultani Barghash akampa John Kirk, balozi wa Uingereza, na mwaka 1895 ikachapwa Uingereza. Humu hakuna mjakazi wala ndugu wenye kiburi. Kuna ndoto: sultani wa Shirazi amemwona usingizini panya mwenye pua ya chuma akiutafuna ukuta wa mji, akajua kwamba nchi yake itaharibika, akapanda vyombo saba pamoja na wanawe sita. Wakifika Kilwa, bei ya kisiwa ni nguo za kutosha kukizunguka chote. Mwenyewe anapokea, anavuka kwenda bara, huku moyoni amekusudia kurudi na jeshi maji yakipwa. Na mgeni, kwa kulihisi hilo, anauchimba mkono wa bahari ule uliokuwa ukivukwa kwa miguu, usikauke tena.

Simulizi ya tatu ni ya Kiswahili, nayo ilichapwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907. Mwenyeji ana jina, anaitwa Mrimba, na ana binti. Mgeni anamwoa binti huyo kwanza, kisha anamtuma mkewe kwa baba yake akamwambie kwamba haifai mtu na mkwewe kukaa mji mmoja. Mrimba anakubali kuhama, ila anataka nguo zitandikwe kutoka kisiwani hadi bara, apite juu yake. Anapotaka kurudi kupigana, kinachomzuia ni Kurani iliyosomwa kama kafara, na maji yanabaki yamejaa.

Naomba tukae hapa kidogo, tusiharakishe. Nguo ni ileile katika simulizi zote tatu, wala hakuna msimulizi aliyethubutu kuiacha. Lakini tazameni inavyolazwa. Katika ile ya Kiarabu nguo inakizunguka kisiwa. Ni kipimo cha mauzo, na ni uzio pia, maana kilichozungushiwa kimekwisha kuwa na mipaka na mwenyewe mpya. Katika ile ya Kiswahili nguo inalazwa iwe njia. Mkwe anaondoka akiikanyaga, kama tunavyowatandikia wakwe zetu mpaka leo wasikanyage mavumbi. Kwa mmoja nguo ni bei, kwa mwingine ni heshima inayomtoa mzee nyumbani kwake. Na bahari nayo imebadilika: kwa mmoja imechimbwa kwa majembe, kwa mwingine imesomewa. Kisa ni kimoja, lakini anayekisikia kwa Kiarabu anatoka na hati ya ununuzi mkononi, na anayekisikia kwa Kiswahili anatoka na jambo la ukwe, lenye deni ambalo halikuisha kulipwa. Wala simulizi ya Kiswahili haikuliacha deni hilo lipotee, kwa sababu baadaye mtoto wa ndoa ile anakwenda kumtembelea babu yake bara, na babu anampa utawala. Kisiwa kinarudi kwa damu ya mwenyewe kwa njia ya mjukuu.

Sizungumzii hapa lililotokea kweli katika karne zile. Waliochimba magofu ya Kilwa wana maelezo yao, na ni mazito. Ninachosema ni kwamba aliyesimulia habari za mke hakuwa amekosea kunakili. Amejibu. Huenda hakuwahi kuiona karatasi ya mwenzake, lakini anajibu hoja ambayo hadithi yenyewe imebeba: huyu mgeni alikipata kisiwa kwa haki gani?

Haya ndiyo yanayoitwa mwingilianomatini. Julia Kristeva, mwanazuoni aliyetoka Bulgaria akahamia Paris, aliyetoa istilahi hiyo katika miaka ya 1960 alipokuwa akiwaeleza Wafaransa mawazo ya Mrusi Mikhail Bakhtin, alitaka kusema kwamba hakuna andiko linalosimama peke yake. Kila andiko limefumwa kwa nyuzi za maandishi mengine. Ni jambo la kweli na ni vizuri lilisemwa. Lakini nasikitika kila ninapoona mwanafunzi wetu analikariri kama jambo geni lililoletwa na meli, wakati washairi wa Kiswahili walikuwa na jina la kazi hii, na kanuni zake, na adabu zake, zamani sana.

Chukueni takhmisa. Mshairi anazichukua beti za mwenzake aliyetangulia, zenye mishororo miwili miwili, na kila ubeti anauongezea mishororo mitatu yake mwenyewe, hata inakuwa mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alizifanyia hivyo beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa pwani ya kaskazini. Sasa angalieni ufundi wake. Mishororo mipya haiwekwi nyuma kama mkia, inawekwa mbele. Msomaji anakutana kwanza na mgeni, kisha ndipo anamfikia mwenyeji. Na bado mwenyeji ndiye anayeamua vina, maana mishororo mipya inalazimika kufuata kina cha mshororo wa kale, ingawa imetangulia kusomwa. Aliye hai anakwenda mbele akimfungulia njia aliyekufa, na sauti anaitoa kwake. Sijaona katika vitabu vya nadharia maelezo ya uandishi upya yaliyo kamili kuliko umbo hili la ubeti.

Kuna kujibizana pia. Magazeti ya Kiswahili, tangu Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, yalikuwa na kurasa ambamo mtu wa Tanga aliweza kutoa shairi na mtu wa Lindi akalijibu kwa bahari ileile, yaani umbo lilelile la shairi, na vina vilevile. Kulijibu shairi kwa vina vingine kulionekana ni kushindwa.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi siutoi kwenye ushairi. Nautoa kwenye utani. Watu wa kusini hatuhitaji kufundishwa utani ni nini. Makabila mawili yaliyopigana zamani, au yaliyofanyiana biashara na kupitiana njiani, yameachiana ruhusa ambayo ndugu wa damu hawana. Mtani anaingia msibani na kucheka. Anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akikohoa, alivyokuwa mchoyo wa tumbaku. Anadai apewe pesa ndipo jeneza lipite. Hakuna anayemkasirikia, kwa sababu mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe la kuchimba kaburi na ndiye anayekimbilia maji ya kuoshea. Amepewa haki ya kumchezea marehemu kwa sababu ana wajibu wa kumzika.

Nawaomba mwone uandishi upya kwa jicho hilo. Mwandishi anayeichukua kazi ya mwenzake anaweza kuiiga, kuicheka, kuipindua, kumpa usemi mhusika aliyenyamazishwa. Ruhusa hiyo ni kubwa. Lakini ameingia katika msiba wa watu, na kuna kazi za mikono zinamsubiri: aijue kazi ile vizuri, amtaje mwenyewe au amfanye atambulikane, na aiache kazi ile ikiwa hai zaidi kuliko alivyoikuta.

Mwalimu Nyerere alikuwa mtani wa namna hiyo. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa yenye mambo elfu ya kumshughulisha, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaisari. Miaka sita baadaye akaitoa tena, ameisahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari. Fikirini safari ya maneno yale. Plutarch aliandika maisha ya Kaisari kwa Kigiriki. Jacques Amyot akayatia katika Kifaransa mwaka 1559. Thomas North, bila kupitia Kigiriki, akamfuata Mfaransa na kutoa Kiingereza mwaka 1579. Shakespeare akamsoma North, akachukua visa na mara nyingine sentensi karibu zilivyo, akazifanya tamthilia. Kisha Butiama ikaipokea. Hakuna hata mmoja katika mlolongo huo aliyetunga kisa, na hakuna hata mmoja tunayeweza kumwita mwizi. Na Nyerere alipoirudia tafsiri yake mwenyewe alituonyesha kwamba hata mtu mmoja anaweza kuwa mtani wa andiko lake la jana.

Mwaka huohuo wa 1969 alitoa Mabepari wa Venisi. Kwa Kiingereza jina la tamthilia ile linamtaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere amewafanya wengi, na amewaita mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Wako wanaosema alipotosha. Mimi nasema alisoma. Aliona kwamba hukumu ya tamthilia ile haimwangukii mtu mmoja bali namna nzima ya kuishi, ambamo ratili ya nyama ya mtu inaweza kuandikwa kwenye mkataba, akaliweka jambo hilo mlangoni ili Mtanzania wa siku zile asilikose. Tafsiri ya namna hiyo ni uandishi upya, na ni vyema tuite hivyo bila woga.

Mfano mwingine unaniumiza na kunifurahisha kwa pamoja. Chinua Achebe wa Nigeria aliitoa riwaya yake ya kwanza, Things Fall Apart, mwaka 1958, na jina lake alilichukua katika shairi la W. B. Yeats wa Ireland, shairi lililotungwa baada ya Vita Kuu ya kwanza juu ya ulimwengu unaosambaratika. Kwa kulichukua jina hilo, Achebe aliwaambia wasomaji wa Kiingereza: mnaposikitika kwamba ulimwengu wenu umevunjika, jueni kuna ulimwengu mwingine ambao ninyi ndio mlioufika na kuuvunja. Clement Ndulute alipoifasiri kwa Kiswahili mwaka 1973, jina likawa Shujaa Okonkwo. Uzi wa Yeats ukakatika. Kwa muda mrefu niliwafundisha wanafunzi kwamba hiyo ilikuwa hasara, basi.

Siku hizi sisemi hivyo. Neno shujaa lilifungua mlango ambao Kiingereza hakikuwa nao. Msomaji wa Kiswahili akisikia shujaa katika jina la kitabu, yuko tayari kukutana na Liyongo, ambaye utendi wake ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unaeleza jinsi mtu huyo asiyedhurika kwa silaha alivyouawa na mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba kitovuni, akiwa amelala. Sasa msomaji huyo anafika pale ambapo Okonkwo anampiga panga Ikemefuna, kijana aliyelelewa nyumbani mwake na aliyekuwa akimwita baba. Kule mwana anamuua baba aliye shujaa. Huku baba aliye shujaa anamuua mwana. Kwa Liyongo udhaifu uko kitovuni, kwa Okonkwo udhaifu ni hofu ya kuonekana dhaifu. Kwa kadiri nionavyo, Achebe hakulipanga hilo, na kama Ndulute alilipanga au la, kwangu si muhimu. Neno moja la jaladani limeikalisha riwaya ya Kiigbo mkeka mmoja na utendi wa Lamu, na zote mbili zimeanza kuzungumza mambo ambayo kila moja peke yake isingeyasema. Undugu wa maandishi, ndugu zangu, haufanywi na waandishi peke yao. Lugha inaozesha. Msomaji naye anaozesha.

Sasa turudi nyumbani. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika milima ya Matumbi, katika mkoa huu jirani wa Lindi, na Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa maji, alinyongwa na Wajerumani mwezi wa Agosti mwaka huohuo. Vita vilipokwisha, maandishi yalianza. Ziliandikwa ripoti za wakoloni, ambazo kwao yule alikuwa mganga mdanganyifu. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi mrefu juu ya vita hivyo, ukachapwa kitabuni mwaka 1957. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitawanyika vijijini kuwauliza wazee waliokuwa wangali hai. Na mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii ya kusini, akaitoa tamthilia yake Kinjeketile, ambayo yeye mwenyewe aliifasiri kwa Kiingereza mwaka uliofuata.

Hussein anaweka wazi kwamba Kinjeketile wake ni mhusika wa fasihi, asichukuliwe kuwa ndiye mtu wa historia. Wanafunzi hupita juu ya maneno hayo kana kwamba ni adabu ya kawaida ya mwandishi. Si hivyo. Hapo ndipo anapochukua ruhusa ya mtani. Na alichokifanya kwa ruhusa hiyo ni kumtilia Kinjeketile mashaka. Yule aliyeandikwa na wakoloni kama mwongo anayejua kwamba anadanganya, na aliyekumbukwa na wengine kama mtu wa imani isiyotikisika, kwa Hussein ni mtu anayejiuliza usiku kama sauti aliyoisikia ni ya pepo Hongo au ni ya matamanio yake mwenyewe. Anajua maji yamewaunganisha watu ambao hawakuwahi kuungana. Anaogopa kwamba yamewaunganisha ili wafe. Na mwishoni, akiwa mfungwa, anapotakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo apate kupona, anakataa, kwa sababu anajua neno hilo litafanywa nini na maadui: litasomwa kwa watoto wa watoto wao kuthibitisha kwamba kila aliyeinuka alikuwa amedanganywa. Hapo tamthilia inajibu ripoti za wakoloni moja kwa moja. Mtu anayekufa ndani ya tamthilia anakataa kuandika sentensi ambayo ripoti ilimwandikia. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na darasani kila mara sauti yangu inabadilika nikiifikia.

Abdulrazak Gurnah amekwenda njia nyingine. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 ina kijana anayeitwa Yusuf, tajiri anayeitwa Aziz, na mke wa tajiri anayeitwa Zulekha. Yeyote aliyekaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, au aliyeisoma Mwanzo katika Biblia, anajua amefika wapi. Lakini Yusuf wa Sura ya Yusuf anatoka gerezani na kupewa hazina za nchi. Yusuf wa Gurnah, kwenye ukurasa wa mwisho, anakimbia kuufuata msafara wa askari wa Kijerumani. Na chini ya kisa hicho kuna andiko jingine: safari za bara za misafara ya Waswahili, alizoziandikisha na kuzichapa Velten mwaka 1901, miongoni mwake ile ya Selemani bin Mwenye Chande. Ndiyo, ni Velten yuleyule wa kitambaa cha Kilwa. Maneno ya msafiri wa Kiswahili yalichukuliwa na Mjerumani, yakakaa kitabuni zaidi ya miaka 90, Mzanzibari aliyehamia Uingereza akayapa maisha mapya kwa Kiingereza, na mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akairudisha riwaya kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Nilipokuwa nikiisoma Peponi nilihisi kama mtu anayepokea barua aliyoiandika babu yake, imezunguka dunia na kurudi na mihuri ya posta za watu.

Lazima niseme pia jambo la tahadhari, maana ukishapewa jicho la kuona undugu unaweza kuuona kila mahali. Virgil, mshairi wa Roma, anataja jinsi malkia Dido alivyonunua mahali pa kujenga Karthago: eneo la kutosha kuzungukwa na ngozi ya fahali. Ukisikia hivyo unaruka: kitambaa cha Kilwa! Na Wamakonde wana hadithi ya asili yao, ambayo Mjerumani Karl Weule aliiandika alipopita nyanda za juu za hapa mwaka 1906: mtu wa porini, asiyeoga wala kuchana nywele, alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na usiku ikapata uhai, ikawa mwanamke, mama wa Wamakonde. Ovid wa Roma naye ana mchongaji wa Kipro aliyeipenda sanamu yake hata ikawa mke. Je, tuseme Mmakonde alimsoma Ovid? Hapana. Watu wengi wanachonga, na watu wengi wananunua ardhi ya wengine kwa hila na bei ndogo. Kufanana si ukoo. Lakini tukiziweka hadithi mbili ubavu kwa ubavu, tofauti zake zinatufundisha. Mchongaji wa Ovid anapata mke mzuri, na kisa kinapata utimilifu wake hapo. Mchongaji wa Kimakonde na mkewe wanaoga mtoni na mtoto wa kwanza anazaliwa mfu. Wanapanda juu, wa pili anakufa. Wanapanda tena hadi uwandani, na wa tatu anaishi. Hadithi yao inafundisha mahali pa kukaa. Uzuri wa sanamu haukuwashughulisha.

Nina jambo moja la mwisho, nalo linanigusa. Miaka kadhaa iliyopita nilimfundisha binti mmoja wa kidato cha sita ambaye aliandika hadithi fupi akiwa amejiweka katika nafasi ya binti wa Mrimba. Simulizi ya Velten inampa mke huyo kazi moja tu, kupeleka ujumbe kwa baba yake. Mwanafunzi wangu alimpa usiku mzima kabla ya kuupeleka. Alimweka kwenye baraza, akipokea majora ya kaniki yanayoshushwa pwani, akiyahesabu, akikadiria kwa dhiraa za mkono wake umbali wa kutoka kisiwani hadi bara. Akihesabu anagundua kwamba nguo hazifiki. Zinapungua kidogo tu, mtu wa makamo angeweza kuruka, ila baba yake ni mzee. Anatoa kanga zake mwenyewe na kuziunga mwisho wa njia. (Kanga, kama mjuavyo, ni vazi la karne ya 19, nilimwonyesha hilo, naye akasema anajua, na kwamba ametaka msomaji ashtuke hapo.) Hivyo hatua za mwisho za Mrimba kutoka kwenye nchi yake zilikuwa juu ya nguo za mwanawe.

Kazi ile ilipelekwa kwa msahihishaji mwingine, katika shule nisiyotaka kuitaja. Ilirudi na sifuri, na maneno mawili kwa wino mwekundu: Umeiba hadithi. Binti hakuandika tena mwaka ule.

Nimelifikiria jambo hilo muda mrefu. Mwizi wa maandishi anaomba usimjue mwenye mali. Uhai wa kazi yake unategemea ujinga wako. Aandikaye upya anaomba umjue. Kama huijui simulizi ya Kilwa, zile kanga za binti hazina uzito wowote. Ni kitambaa tu. Alikuwa amekutegemea wewe msomaji uwe umeshamsikia Mrimba, uwe umeshaiona njia ya nguo, ndipo ushikwe na pumzi ukiona inapungua. Msahihishaji aliitambua hadithi, kwa hiyo alikuwa ndiye msomaji aliyetafutwa, naye akaufanya utambuzi wake kuwa kosa la mwanafunzi. Walimu wenzangu, tunapofundisha watoto wasinakili, na ni lazima tuwafundishe, tuwaonyeshe siku hiyohiyo takhmisa ni nini, wajue kuna njia ya halali ya kuingia katika nyumba ya mwenzako, nayo ni kupiga hodi kwa sauti.

Natamani sana kazi hii ifanyike hapa kusini. Hadithi zetu zimekaa katika vitabu vya Barros, vya Velten, vya Weule, na hata Milton wa Uingereza, mwaka 1667, alimpandisha Adamu mlimani akaonyeshwa falme za dunia zijazo na Kilwa ikiwamo, imeandikwa Quiloa kwa tahajia ya Wareno. Zimesafiri kuliko sisi. Vitabu hivyo vinapatikana, vingine hata kwenye simu zenu, na kazi ya kuvijibu ni ya kukaa chini na kalamu, si ya kungoja mfadhili.

Kabla hatujaanza, wakati wa chai, mzee mmoja wa kutoka Kilwa, aliyeketi hapa mstari wa kwanza na kofia yake nyeupe, aliniambia kwamba kwao hadithi ya Mrimba hawaisimulii hivi kabisa, na kwamba kitambaa si mwisho wake. Nilimsihi asiendelee, ili aisimulie mbele yenu nyote. Kijana wa kipaza sauti, tafadhali, mpelekee mzee pale alipo, asisimame.